Mtamba Aliyewekwa kwa Mama Priska

Mwika,
11 Juni 1995

Dada Aikande,

Shikamoo. Habari za Morogoro na joto lake? Mpwa wangu Brenda anaendeleaje na hesabu za kidato cha pili? Sisi huku tunashukuru Mungu. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne anasahau kuwa ana goti, anaanza kukimbizana na kuku. Masika yameondoka juzi tu, migomba imenenepa, na kahawa ya kule chini karibu na mfereji imeanza kuwa nyekundu.

Kabla sijaendelea: jana nimelala vizuri, juzi pia. Nimekula, vidonge nimemeza, Mama ni shahidi. Nasema mapema kwa sababu barua hii ina furaha nyingi, na najua wewe ukiiona furaha yangu unatafuta begi la safari. Kaa chini, dada. Hii ni furaha ya mtu mzima mwenye akili zake.

Ni hivi. Tangu Aprili nashuka Njoro kila Jumanne na Ijumaa. Kuna Sista Doris, muuguzi mstaafu, mnene, mkali, anacheka hadi miwani inaanguka. Amekodi chumba nyuma ya duka la mshonaji, na humo anatufundisha sisi tuliopitia wodi ya akili namna ya kushika hela. Usicheke! Siku ya kwanza alituuliza: "Nani hapa amenunua kitu mwenyewe, kwa hela aliyoishika mwenyewe, mwezi huu?" Hakuna mkono uliopanda. Mwaka huu? Hata mmoja. Ndipo Melkior, aliyekuwa fundi magari hodari kabisa pale Moshi mjini, akasema, "Mimi, Sista, nyumbani hata kiberiti wananihesabia njiti." Tulicheka, kisha tukaacha kucheka kwa sababu wote tulikuwa tunahesabiwa njiti.

Basi akampa kila mmoja noti, akasema nendeni dukani, ulizeni bei maduka matatu, mniletee kipande cha sabuni na chenji. Dada, nilirudi na sabuni na chenji kamili! Duka la kwanza walitaka kunipiga bei ya mgeni, nikaondoka. Niliondoka, unasikia? Mimi, Jesse, nikamwambia mwenye duka "bei yako kubwa" nikaondoka. Njia nzima ya kupanda Mwika nilikuwa nacheka peke yangu, mpaka nikakumbuka kuwa nikicheka peke yangu watu wanaandika barua Morogoro, nikaacha.

Sasa ombi langu. Tangu Baba afariki mmepanga kwamba hela ya kahawa anaipokea binamu Valerian pale chama cha ushirika, anakutumia wewe, na wewe unatutumia ya sukari, ya mafuta ya taa na ya dawa kila mwezi. Sikulaumu. Lakini mimi ndiye kitinda mimba, kihamba hiki, shamba la ukoo, Baba aliniachia mimi, kahawa napalilia mimi, nachuma mimi, namenya na kuanika mimi. Nina miaka thelathini na nne na ninaomba hela ya dawa ya meno. Naomba msimu huu nishike hela yangu mwenyewe. Kama yote ni nyingi, basi nusu.

Mama anasema umtumie ile dawa ya kuchua. Msalimie Brenda sana.

Mdogo wako,
Jesse


Morogoro,
9 Julai 1995

Mdogo wangu Jesse,

Marahaba. Tumepata barua yako na tumeisoma mara mbili, mimi na Brenda. Yeye alicheka sana kwenye sabuni. Anajitahidi shuleni, ila hesabu zimemkataa kama zilivyonikataa mimi. Dawa ya kuchua ya Mama nimempa kondakta wa basi la Moshi, mwambieni Valerian aifuate Himo. Mwambie Mama achue jioni, asichue halafu akaenda kukaa kwenye ukungu.

Nimefurahi kusikia umepata watu wa kukaa nao. Huyo Sista Doris mpe salamu zangu. Lakini niambie ukweli: unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Barua yako ina kurasa nne na mistari yake inapanda kwenda juu upande wa kulia. Nakumbuka mistari hiyo.

Kuhusu ombi lako, mdogo wangu, sitaki kukuumiza. Lakini usisahau mwaka wa matarumbeta. Baba alikupa malipo ya pili ya kahawa uteremke Himo ununue toroli. Toroli ulinunua, halafu ukakodi matarumbeta yalisindikize mpaka Mwika, bendi nzima kwenye gari, na kila aliyekuwa stendi ukamnunulia soda. Walipiga nyimbo za harusi njia nzima. Baba alisimama getini na kofia mkononi, hajui acheke au alie, na mwaka ule tulikula kwa hisani ya kanisa. Mimi ndiye niliyekuja kukupeleka hospitali. Sijawahi kukulaumu, lakini sijasahau.

Tutazungumza Krismasi tukikutana wote. Kazini kiwandani ni kelele tu, kama kawaida. Zingatia vidonge.

Dada yako,
Aikande


Mwika,
30 Julai 1995

Dada mpendwa,

Shikamoo. Dawa imefika. Mama amejichua, ameanza tena vita na kuku. Nalala saa tatu, naamka saa kumi na moja na nusu, na mistari yangu inapanda kwa sababu meza ya Baba ina mguu mmoja mfupi. Uliza Mama. Leo nimeweka kipande cha gunzi chini ya mguu. Angalia sasa, mistari imenyooka?

Matarumbeta nayakumbuka, dada. Nakumbuka kofia ya Baba pia. Nilimsimulia Sista Doris darasani mbele ya wote, na unajua alisemaje? Hakusema pole. Aliuliza, "Siku ile, kama kungekuwa na mtu mmoja wa kukuzuia ambaye wewe mwenyewe ulimchagua ukiwa mzima, angekuwa nani?" Swali hilo amenipa nilifikirie, na nalifikiria hadi kwenye mibuni.

Nikusimulie darasa la Ijumaa, maana bado mbavu zinaniuma. Sista alijifanya ndugu wa ukoo amekuja kukopa. Alijifunga kanga, akajikunja, akaanza kulia mtoto anaumwa, karo, bati zimeezuliwa na upepo. Sisi tulikuwa na hela za makaratasi aliyoyakata kwenye kalenda ya mwaka jana. Kazi yetu ilikuwa kusema "hapana" kwa heshima. Melkior alimpa zote, kisha akavua viatu akampa na viatu! Sista akaangua kicheko, akasema "Melkior, mimi ni Doris, nina pensheni!" Tumerudia mpaka Melkior akaweza. Ilipofika zamu yangu nilisema, "Shangazi, nimekusikia na nimekuonea huruma, lakini hela hii ina kazi yake." Darasa zima lilinipigia makofi.

Tuna sheria mbili tayari. Ya kwanza, kitu chochote kinachozidi bei ya debe la mahindi, unakilalia usiku mbili kabla ya kununua. Kama siku ya tatu bado unakitaka na umelala vizuri, nunua. Ya pili, unapokuwa mzima, funga mlango ambao utaukuta umefungwa siku utakapoumwa. Hiyo ya pili ni ngumu, kila mtu anatakiwa abuni wake mwenyewe.

Huku wanunuzi wapya wa kahawa wamefika na magari, wanalipa taslimu barabarani, papo hapo! Watu wamechanganyikiwa, wanabeba gunia kichwani wanakimbia. Mimi nimeamua kahawa yangu iende chamani kama zamani. Chama kinalipa kidogo kidogo, na kwa mtu kama mimi kidogo kidogo ni dawa. Unaona ninavyofikiri?

Dada, kuna jambo naomba nikuulize. Siku zote unaniandikia kwenye karatasi nzuri za kiwandani. Safari hii umeandika kwenye karatasi ya daftari la Brenda, na bahasha umeigeuza ndani nje. Kuna nini?

Naomba nusu. Nusu tu. Nijibu.

Jesse


Morogoro,
2 Septemba 1995

Jesse,

Marahaba. Samahani nimechelewa, nilikuwa na shughuli. Brenda hajambo.

Nimemwandikia Valerian akupe nusu ya malipo ya kwanza mkononi. Nusu nyingine anitumie kama kawaida, nitaendelea na mahitaji yenu. Usinifanye nijute.

Mistari imenyooka. Mambo ya kiwanda usiniulize.

Aikande


Mwika,
1 Oktoba 1995

Dada! Dada! Dada!

Shikamoo mara tatu. Mama hajambo, kuku hawajambo, nimelala, nimekula, nimemeza. Sasa nisikilize.

Valerian alinipa hela wiki mbili zilizopita, siku ya Alhamisi, pale Himo, mbele ya mizigo yake ya vitunguu. Alizihesabu polepole huku ananiangalia usoni kama anayemkabidhi mtoto kisu. Nikazihesabu na mimi, nikamwambia asante binamu, nikaziweka ndani ya shati. Nikavuka stendi. Na nani nawakuta? Wapiga matarumbeta, pale pale kwenye kivuli chao! Yule wa ngoma kubwa alinikumbuka, akaniita, "Bosi! Leo tunasindikiza nini?" Nikampungia mkono, nikasema "leo nasindikizwa na miguu yangu," nikapita. Dada, nilifika kwenye lami ya kupanda huku nikakaa kwenye jiwe nikacheka na kulia vyote pamoja, halafu nikajifuta nikaendelea na safari.

Nimenunua buti za mvua, kanga ya Mama, mkasi wa kupogolea na chumvi. Mama amejifunga kanga akaenda nayo kanisani, na ameniambia maneno ambayo sitayaandika kwa sababu nitalowesha karatasi. Zilizobaki nilimpa Sista anifungie huku nafikiri.

Nimefikiri. Nina mpango mkubwa na mzuri, na nimeulalia si usiku mbili tu, nimeulalia wiki nzima. Sikuambii. Ukija Krismasi nitakushika mkono nikupeleke ukauone kwa macho yako, na mlango wangu nimeshaupata, ule wa sheria ya pili. Nina furaha, dada. Nimesema tu, usiogope.

Na wewe uko salama? Swali langu la Julai bado liko mezani.

Jesse


Morogoro,
24 Oktoba 1995

Jesse,

Sina hata nguvu za salamu. Hapa ni kampeni tu, magari ya vipaza sauti yanapita dirishani tangu asubuhi, na mimi nimekaa na barua ya Valerian mkononi.

Anasema umenunua mtamba wa kisasa, mzuri, mwenye mimba, kwa hela yote iliyobaki. Hilo ningeweza kulivumilia. Lakini anasema umempa Mama Priska! Mjane wa mtaa wa juu, si ndugu, si wa ukoo, hata kanisa letu si lake. Umemwongoza ng'ombe mwenyewe mpaka bandani kwake ukarudi nyumbani mikono mitupu unaimba. Mama yako mzazi anakunywa chai ya rangi na wewe unagawa ng'ombe! Valerian anasema Himo nzima inacheka, wanasema safari hii angalau hukukodi bendi.

Ulisema nisiogope. Hivi ndivyo ilivyoanza mwaka ule, na siri, na "utaona", na furaha, na "dada dada dada". Nimekosea kukuamini, na kosa ni langu, si lako, wewe unaumwa. Nimemwagiza Valerian akamchukue ng'ombe kwa huyo mama amlete nyumbani, afungwe uani kwetu pale Mama anapoweza kumwona. Malipo yajayo yatakuja kwangu yote. Nenda hospitali, Jesse, nakuomba. Sina nauli ya kuja sasa hivi.

Aikande


Mwika,
3 Desemba 1995

Dada Aikande,

Shikamoo. Poleni na uchaguzi. Umeona nimekawia. Nimerudi nyumbani Jumatano kutoka wodini, nimekaa huko wiki mbili na siku kadhaa. Sasa ni mzima, mikono inatetemeka kidogo kwa dawa, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Meza haina makosa.

Barua yako iliniumiza. Sisemi kwamba ndiyo iliyonifanya niumwe, Sista Doris anasema ugonjwa huu hauna adabu, unaingia bila kubisha hodi. Lakini iliniumiza. Niliisoma nikaiweka chini ya godoro na nikakataa kujibu.

Sasa nakueleza, na usome mpaka mwisho.

Sikumpa Mama Priska ng'ombe. Nilimweka ng'ombe kwake. Dada, umesahau? Babu Ndelilio alikuwa na ng'ombe watano, na zizini kwake ulikuwa ukimkuta mmoja. Wengine walikuwa kwa watu, mmoja Kilema, mmoja Marangu, na watu wenyewe walikuwa wakinywa maziwa na kutia samadi kwenye migomba yao, ila ng'ombe na ndama ni wa Babu. Mama Priska ana majani ya tembo hadi barabarani na banda tupu. Anakunywa maziwa nusu, nusu yanakuja kwa Mama kila asubuhi ng'ombe akishazaa. Tulikubaliana mbele ya balozi wa nyumba kumi na Sista Doris, ambaye alipanda kutoka Njoro kwa miguu yake minene, na tukanywa pombe ya mbege wote isipokuwa mimi, kwa sababu ya vidonge.

Kwa nini nisimfunge kwetu? Hapo ndipo penyewe. Ng'ombe akiwa uani kwetu, siku ugonjwa ukinipandisha juu namfungua nakwenda kumuuza. Nani atanizuia, Mama mwenye goti? Kwa hiyo nilimwambia Mama Priska mbele ya mashahidi: "Nisikilize leo nikiwa mzima. Nikija peke yangu kumdai, usinipe. Nikija nikikudanganya, usinipe. Nikija nikikutukana, usinipe. Utampa Jesse siku atakapokuja na Mama na Sista Doris, wote watatu." Akasema, "Nimekusikia, mwanangu." Huo ndio mlango wangu, dada. Niliujenga mwenyewe, na nilikuwa na furaha kwa sababu nilijua ni mzuri.

Mengine yote Mama na Mama Priska ndio walionisimulia, mimi nayakumbuka vipande vipande. Mwanzoni mwa Novemba usingizi uliniacha. Asubuhi moja niliamka na biashara kichwani: ninunue gari kama la wale wanunuzi wa kahawa, nizunguke mlima mzima nikilipa taslimu. Niliiona waziwazi, hata rangi yake, ya bluu. Nikavaa suti ya Baba na buti zangu za mvua, nikapanda kwa Mama Priska na kamba mkononi nimchukue mtamba nikamuuze Himo. Yeye alikuwa anakata majani. Akasimama kwenye mlango wa banda na mundu wake.

Nilimbembeleza. Nikamwambia gari litampeleka kanisani bure maisha yake yote. Nikamtukana, dada, matusi ambayo Mama amekataa kuniambia. Nikalia. Akasema, "Jesse wewe nakupenda, lakini mwenye ng'ombe huyu aliniachia maagizo, na mwenyewe leo hayupo." Akaniwekea bakuli la mtori wa ndizi, akamtuma bintiye Priska amlete Sista Doris kwa gari la kwanza. Nilikula mtori. Niliposhiba nikalala pale pale kwenye majani, na jioni wakanipeleka wodini.

Na sikiliza hili, maana hata wauguzi walicheka. Valerian naye alikuwa amekuja Jumamosi ya kabla na barua yako kumchukua ng'ombe amlete uani kwetu. Mama Priska akamfukuza! Alimwambia, "Hata barua ya askofu haitoshi." Fikiria angempa. Ng'ombe angekuwa kwetu, na mimi siku ile ningekuwa Himo na kamba na suti ya Baba.

Lakini ng'ombe yupo. Nimeenda jana na Mama kumwona. Mimi niliondoka, yeye alibaki, anatafuna na ananiangalia kama hakuna lililotokea. Nilishika shingo yake nikasimama hapo muda mrefu. Mara zote nilizowahi kuumwa, nilirudi nyumbani nikakuta kila kitu kimekwisha na watu wamenuna. Safari hii nimerudi nimekuta nina ng'ombe! Nimeumwa na bado nina ng'ombe! Unaelewa hiyo ni nini kwangu? Darasani walisimama wote waliponiona, Melkior akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Nimemaliza yangu. Ya kwako bado hujayasema.

Mdogo wako,
Jesse


Morogoro,
15 Desemba 1995

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta umelala vizuri, na siulizi kwa kukupima, nauliza kwa kukupenda. Mpe Mama pole ya yote. Brenda amefaulu mtihani wa mwisho wa mwaka, hesabu pia, sijui kwa miujiza gani. Anaimba nyumba nzima na mimi nimemwacha aimbe.

Niliisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilicheka kwenye barua ya askofu mpaka jirani akaja kuuliza. Halafu nikalia, Jesse. Ng'ombe wa Babu nawakumbuka wote, hata yule wa Kilema aliyekuwa na pembe moja. Angekuwa mtu mwingine yeyote pale Mwika amemweka mtamba wake kwa jirani, ningesema huyo ana akili. Kwa kuwa ni wewe, nikasema kichaa. Sikukuuliza hata neno moja. Naomba unisamehe, na ndani ya bahasha nimeweka jani la sale, nimelichuma kwenye ua wa posta wakati mlinzi ameangalia pembeni. Wewe ni Mchagga, unajua jani hilo la kuomba msamaha halikataliwi.

Sasa la kwangu. Kiwandani nilipunguzwa mwezi wa sita, wiki ile ile uliponiandikia habari za sabuni. Serikali imekiuza kiwanda na mwenye kukinunua hakutaka wasimamizi wa zamani. Walinipa kiinua mgongo chote kwa mkupuo, bahasha nene, na mimi ambaye nilikuwa nakuhesabia wewe njiti za kiberiti nilitoka getini nikiwa sijui nianzie wapi. Habari zikaenea kabla sijafika nyumbani. Walikuja wa karo, wa mgonjwa, wa bati, yule shangazi wa Sista Doris alikuja mwenyewe kwa miguu yake, na mimi kila mmoja nilimpa. Nikanunua cherehani mbili na sijui kushona. Hela zako sikuzigusa, zipo, nazileta. Lakini za kwangu zimebaki theluthi, na kila asubuhi nikiamka naogopa kufungua mlango.

Sikukuambia kwa sababu nilikuwa dada mkubwa. Ndiyo sababu yote, sina nyingine.

Nimepata nafasi kwenye basi la tarehe ishirini na mbili, mimi na Brenda, pamoja na Wachagga wengine wote wa mji huu. Nakuja na mambo mawili. La kwanza, mbele ya Mama na Valerian na ukoo wote, nakurudishia hela yako ya kahawa, na kuanzia msimu ujao malipo yote ni yako, sitakuwa mtunzaji wako tena. Valerian akinuna, anune.

La pili ni ombi. Theluthi yangu iliyobaki, kabla haijaliwa, nataka ninunue mtamba. Unisaidie kumchagua, na nimweke kwako, Jesse. Banda la Baba lipo, migomba ipo, na mtunzaji yupo. Maziwa mnywe, samadi ni ya kahawa yako. Tutamwita balozi na Sista Doris na Mama Priska, tutayasema maneno kama ulivyoyasema wewe, ila mimi ndiye nitakayekuwa upande wa kuagiza na wewe upande wa kupokea.

Na maagizo yangu nakuandikia kabisa sasa hivi, nikiwa mzima. Nikija kabla Brenda hajamaliza shule nikakuambia nina shida, usinipe. Nikija nikilia, usinipe. Nikikukumbusha kwamba mimi ndiye mkubwa na wewe ndiye uliyewahi kuumwa, simama kwenye mlango wa banda, mdogo wangu, na umkatalie dada yako.

Ni mimi, wako,
Aikande